Karatasi Nyeupe si Uvivu wa Mchoraji

Liko neno moja ambalo twalisikia kila mara watu wanaposimama mbele ya picha ya nchi iliyochorwa kwa rangi za maji. Hawaulizi nchi hiyo ni ipi, wala jua lilikuwa upande gani, wala kwa nini mlima wa nyuma umefifia. Hutazama kitambo kidogo, huona mahali ambapo karatasi imebaki nyeupe, kisha husema, "Haijaisha." Wakiisha kusema hivyo hujiona wamekwisha kuhukumu, wakaenda zao. Twalisikia neno hili kwa wazee barazani, twalisikia kwa vijana wenye vyeti, na lililo baya zaidi, twalisikia kwa walimu wenzetu waliopewa kazi ya kuwafundisha watoto kuchora. Sisi twasema ya kuwa hukumu hiyo si ya haki, tena ina madhara kwa watoto, nasi tutaleta mashahidi wetu.

Kwanza na ijulikane rangi ya maji ni kitu gani, maana wengi huihukumu kwa sheria ya rangi nyingine. Ni unga wa rangi uliosagwa laini mno na kuchanganywa na gundi. Gundi hiyo hutoka katika miti ya jamii ya migunga, na nyingi yake hutoka Sudani. Kwa hiyo wachoraji wakuu wa Ulaya wana deni kwa miti ya Afrika, ingawa ni wachache waliolikumbuka. Mchoraji huulainisha unga huo kwa maji, akaupaka juu ya karatasi. Maji hukauka, unga hubaki, mwembamba kama utando. Nuru hupita katika utando huo, ikagonga karatasi nyeupe iliyo chini, ikarudi machoni petu ikiwa imechukua rangi njiani. Basi mng'ao wa picha ya namna hii watoka chini, katika karatasi yenyewe.

Rangi ya mafuta sivyo ilivyo. Mwenye mafuta akitaka weupe huchukua rangi nyeupe akaiweka juu, hata juu ya nyeusi. Akikosea leo hufunika kesho. Mwenye maji hana ruhusa hiyo. Nuru yake yote amepewa tangu mwanzo, na kila mpako anaoutia huipunguza. Awezalo ni kuongeza giza kidogo kidogo, na kujua mahali pa kuacha. Kweli iko rangi nyeupe nzito ya maji pia, na wako mafundi walioitumia vema, hasa juu ya karatasi ya buluu au ya kijivu; lakini ukiiweka kando ya karatasi nyeupe iliyo safi, huonekana kama chokaa kando ya maziwa.

Basi fikirini, wasomaji. Mtu aliyeacha mahali pa nyumba nyeupe hakusahau kuipaka. Aliiona kabla hajalowesha brashi yake. Akaizunguka kwa mbingu, akaizunguka kwa miti, akaizunguka kwa maji, na mkono wake haukuigusa hata mara moja. Kumwambia mtu huyo kwamba hakumaliza kazi ni sawa na kumwambia mwashi kwamba amesahau kuziba mlango.

Shahidi wetu wa kwanza ni kijana wa London, jina lake Thomas Girtin, aliyezaliwa mwaka 1775 na kufa mwaka 1802, umri wake miaka 27. Mwaka 1800 alichora mto Thames wakati wa jioni, picha inayojulikana kwa jina la Nyumba Nyeupe ya Chelsea, nayo sasa ni mali ya jumba la picha liitwalo Tate. Si kubwa: upana wake kadiri ya sentimita 51 na kimo chake kadiri ya sentimita 30. Hakuna ndani yake mlima wala jumba la mfalme. Mto ni mpana na mtulivu. Mbingu ni kubwa. Na kati ya mto na mbingu umepita ukanda mwembamba wa nchi tambarare, ambapo kwa mbali huonekana kinu cha upepo, na daraja, na kanisa. Mambo yote yameshikwa na rangi za machweo: kijivu, hudhurungi, buluu iliyochoka, na wekundu hafifu uliobakia wa jua. Kisha, ukingoni mwa maji, iko nyumba moja ndogo nyeupe. Weupe wake ni karatasi. Na chini ya nyumba, majini, umeshuka mstari wa weupe ule ule, taswira ya nyumba, nao ni karatasi vile vile.

Mwenye nakala ya picha hii na ajaribu jambo moja. Aifunike nyumba ile kwa ncha ya kidole, kisha atazame. Jioni yote itazimika. Mto utakuwa bati la kijivu, mbingu itakuwa mpako tu, na jicho litatangatanga huko na huko lisijue pa kutua. Akiondoa kidole, nuru hurudi mahali pote, hata mahali ambapo kidole hakikuwa. Sasa na atuambie: katika picha hii ni sehemu gani iliyofanya kazi kubwa kuliko zote? Ni ile ambayo mchoraji hakuitia hata tone moja la rangi.

Wala isidhaniwe kwamba weupe peke yake watosha. Karatasi nzima ilikuwa nyeupe kabla Girtin hajaanza, wala hapakuwa na picha. Nyumba yaonekana nyeupe kwa sababu ameyashusha mambo mengine yote, hata yale ambayo mchana yangekuwa na mng'ao wake. Kama angeacha weupe mahali kumi, nyumba ingekuwa moja kati ya kumi, na sisi tusingeiona. Ni kama taa moja usiku upande wa pili wa bonde. Iwapo bonde zima lina taa, nani atauliza ya nani ile? Huu ndio mpango wa picha, na watu wetu hawautafuti, kwa kuwa wamezoezwa kuhesabu vitu vilivyomo: miti mingapi, watu wangapi, ng'ombe wangapi. Picha yenye vitu vingi husifiwa kama gunia lililojaa.

Husimuliwa ya kwamba mfanya biashara mmoja wa picha alimwendea J. M. W. Turner, aliyekuwa wakati huo mchoraji mkuu wa Uingereza, akamwambia kwamba amekuja na picha iliyo nzuri kuliko zote za Turner mwenyewe. Turner akafikiri, kisha akajibu kwamba ikiwa ni hivyo, haikosi kuwa ni Nyumba Nyeupe ya Tom Girtin. Yamkini hadithi hii imetiwa chumvi kidogo, kama hadithi nyingi za wakubwa. Lakini hatujapata kusikia mtu akiitilia shaka kwa sababu ya kudhani kwamba picha ile haistahili sifa hiyo.

Tumesema kwamba kosa hili lina madhara kwa watoto. Na tueleze. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja jina, kulikuwa na mashindano ya kuchora, nasi tulikuwapo. Mtoto mmoja wa darasa la sita alileta picha ya bonde la kwao alfajiri. Alikuwa ameilowesha karatasi kwanza, akapaka vilele vya migomba vikitokeza katika ukungu, na paa la kanisa, na nyuma yake mgongo wa mlima kwa buluu nyepesi. Ukungu wenyewe hakuuchora. Aliuacha, nao ukaingia kati ya migomba kwa upole hata tukahisi baridi yake. Picha hiyo iliwekwa ya mwisho, na juu ya kona yake mwamuzi aliandika kwa wino mwekundu lile neno tulilolitaja. Ya kwanza ilikuwa picha ya ziwa, na nyumba ya mbao, na mlima wenye theluji, iliyonakiliwa kutoka katika kalenda ya dukani kwa kupima miraba na rula. Mnakili hakuwa ameona theluji maishani mwake, wala mwalimu wake, wala mwamuzi. Lakini kila mahali palijazwa rangi mpaka ukingoni, basi ikasemwa kuwa imekwisha.

Hatuna neno baya juu ya mtoto aliyepata tuzo, alifanya alivyofundishwa. Ubishi wetu ni na waliomfundisha. Atasema mtu, "Je! Hata wakuu hawakunakili?" Walinakili, nasi twafurahi kuulizwa. Girtin na Turner, waliozaliwa mwaka mmoja, walipokuwa vijana walikwenda jioni nyumbani kwa tabibu mmoja wa London, Dakta Thomas Monro, aliyekuwa na picha nyingi. Hapo walinakili kwa nuru ya taa michoro ya John Robert Cozens, fundi aliyetembea milima ya Uswisi na nchi ya Italia. Girtin alichora mistari, Turner akatia mipako ya rangi, na malipo yao yalikuwa shilingi chache na chakula cha jioni. Lakini tazama walichokuwa wakinakili. Walinakili ufundi wa mtu aliyekwenda mwenyewe akaona, ili wajue alivyoweza kuuleta mlima mzima katika karatasi kwa mipako michache ya kijivu na buluu. Kisha majira ya joto yalipofika, walichukua penseli na vitabu vyao wakaenda zao mashambani na milimani kutazama kwa macho yao. Mnakili wa kalenda hajifunzi mlima, wala hajifunzi ufundi, kwa kuwa kalenda imepigwa chapa na mashine. Ajifunza rula.

Liko jambo lingine la namna hii hii. Mtu asimamapo Irente, karibu na Lushoto, akitazama chini kuelekea nyika, ataona kwamba miti iliyo karibu ni ya kijani; vilima vilivyo mbele yake vimeanza kuwa kijivu; na vile vya mbali kabisa ni buluu, tena buluu iliyofifia hata hujui mlima waishia wapi na mbingu yaanzia wapi. Sababu yake ni hewa. Kati ya jicho na mlima wa mbali iko hewa nyingi, nayo hutawanya nuru, hasa nuru ya buluu, hata mlima ukavikwa nuru isiyo yake. Wachoraji waliijua habari hii kwa macho karne nyingi kabla wenye elimu hawajaieleza kwa hesabu. Na watoto wetu huiona kila siku waendapo kuteka maji. Lakini wakifika darasani na kuupaka mlima rangi ya buluu, huambiwa, "Majani ni ya kijani, paka kijani." Macho yao yamewaambia hivi, mwalimu awaambia vile, nao humwamini mwalimu, maana ndiye mwenye kalamu nyekundu. Amri ya kutoshuhudia uongo haikuwekwa kwa ajili ya midomo tu. Tukimlazimisha mtoto achore asichokiona, na kukana anachokiona, tumemfundisha kushuhudia uongo juu ya kazi ya Muumba, na kupewa alama kwa uongo huo.

Hapa hatuna budi kugeuka upande wa pili, tusije tukasaidia kosa lililo kinyume. Wako watu, hasa vijana waliokwenda mjini na kurudi, ambao wamesikia kwamba rangi za maji ni uhuru, basi humwaga maji, humwaga rangi, huinamisha karatasi huku na huku, na panapobaki peupe husema, "Nimepaacha." Huulizwi ulichoacha, huulizwa ulichokiona hata ukapaacha. Mtoto wa ukungu alijua penye ukungu. Hawa hawajui.

Na waende wakatazame picha ya Turner iitwayo Rigi ya Buluu, aliyoichora mwaka 1842, alipokuwa mzee wa miaka 67. Ni mlima wa Rigi katika Uswisi, ng'ambo ya ziwa la Lucerne, kabla jua halijachomoza. Kwa mbali mlima ni umbo moja tu la buluu, pana na tulivu, na chini yake ziwa lililolala, na juu yake mbingu inayoanza kupata umanjano. Mtu huweza kusema, "Hata mimi naweza." Akaribie. Ataona kwamba juu ya mipako ile mipana ya kwanza yamelazwa mafyozo madogo madogo ya brashi, mengi yasiyohesabika, membamba kama nyuzi, moja baada ya lingine, ili buluu ile iwe na kina na isiwe ukuta. Na nyota ya asubuhi iliyo juu haikupakwa. Turner alikwaruza karatasi ilipokwisha kukauka, akaondoa rangi mpaka weupe ukatokea, mahali padogo kama chembe ya mtama. Kosa moja la mkono, na karatasi ingepasuka baada ya kazi yote ile. Picha hiyo, isiyozidi nusu mita kwa upana, ilinunuliwa na Tate mwaka 2007 kwa pauni milioni 4.95, na sehemu ya fedha zilichangwa na watu wa kawaida kidogo kidogo. Hatuutaji mwaka huo wala fedha hizo kana kwamba bei ndiyo thamani. Maana Girtin alikufa pasipo mali. Twazitaja kwa ajili ya wale waliozoea kusema kwamba rangi za maji ni mchezo wa watoto, na mafuta ndiyo ya watu wazima.

Dharau hiyo nayo ni ya zamani. Katika London ya wakati ule, katika maonyesho ya Royal Academy, picha za maji zilitundikwa pamoja na za mafuta zenye fremu nzito za dhahabu, zikamezwa na ukali wa rangi zao. Wachoraji wa maji walichoka, wakafanya chama chao wenyewe mwaka 1804, na mwaka uliofuata wakafungua maonyesho yao peke yao. Watu wakaja kwa wingi. Kumbe walichokosa hakikuwa uzuri, bali ukuta wao wenyewe.

Juu ya mpango wa picha twataka kusema neno zaidi, kwa sababu ndipo wasomaji wetu waweza kupata furaha kubwa kwa gharama ndogo. Alikuwako John Sell Cotman, mzaliwa wa Norwich, mwaka 1782. Kadiri ya mwaka 1805 alichora daraja la Greta, kaskazini mwa Uingereza: daraja la mawe la upinde mmoja, na mto, na mawe makubwa mtoni, na miti nyuma. Hakuna jani moja lililochorwa peke yake. Miti ni umbo moja la giza, daraja ni umbo moja la nuru, maji ni umbo lingine, na kila umbo limekaa kando ya jirani yake bila kumwingilia, kama mianzi ya ukili uliotiwa rangi inavyokaa katika mkeka. Mama zetu wasukao mikeka wangemwelewa Cotman upesi kuliko baadhi ya walimu. Wao wajua kwamba ukili mweusi haupendezi kwa weusi wake, ila kwa mweupe uliopita kando yake. Tena wajua kwamba hesabu ya mkeka hufanywa kabla ya msuko wa kwanza, si katikati.

Picha hizo za Cotman hazikumpatia mali. Aliishi kwa kufundisha watoto wa watu kuchora, na tangu mwaka 1834 alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya King's College, London. Mwalimu kama sisi, wenye kusahihisha madaftari usiku. Leo picha ile ya daraja imo katika British Museum, na wapenzi wa rangi za maji huitaja pamoja na Nyumba Nyeupe kila wanapotaka kutoa mfano wa kazi iliyo kamili.

Kamili, wasomaji. Ndilo neno walilokosa hao wasemao "haijaisha."

Tutaambiwa kwamba haya ni mambo ya matajiri na ya wageni, nasi tuna mashamba ya kulima. Kuhusu matajiri, mwaka 1854 John Ruskin, aliyeandika mengi juu ya Turner, alianza kufundisha kuchora bila mshahara katika chuo cha wafanya kazi cha London, na wanafunzi wake walikuwa maseremala na mafundi wa kila namna. Naye hakuficha nia yake: hakutaka seremala aache useremala awe mchoraji, alitaka awe seremala mwenye furaha zaidi. Kuhusu wageni, hebu wamkumbuke Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyesoma na kufundisha Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Bibi Margaret Trowell. Yeye alipaka mafuta, si maji, lakini alichora migomba, na mitaro, na watu wa kwao Kilimanjaro wakifanya kazi zao, na picha yake moja imewekwa katika jumba la Museum of Modern Art huko New York. Hakunakili kalenda.

Wengine husema simu yenye kamera imekwisha kuyamaliza mambo haya. Twajibu kwa kifupi: simu huchukua kila kitu kilicho mbele yake, kikubwa na kidogo, kwa mara moja, haikuombi uchague kilicho muhimu. Mwenye brashi hawezi kukwepa kuchagua, na katika kuchagua huko ndipo aonapo.

Kuna na wale wasemao kwamba vifaa ni ghali. Karatasi nzuri nzito ni ghali, kweli. Lakini mtoto aweza kujifunza sehemu kubwa ya ufundi huu kwa rangi moja tu. Majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yawe meusi hutoa hudhurungi nzuri. Wino uliotiwa maji hutoa buluu. Kwa hiyo moja afanye viwango vitatu: maji mengi kwa mlima wa mbali, maji kiasi kwa kilima cha katikati, maji machache kwa mti ulio karibu, na mbingu iwe karatasi. Akifanya mara kumi atakuwa amejua kuhusu mbali na karibu zaidi ya aliyenunuliwa rangi ishirini na nne. Karatasi nyembamba hujikunja ikilowa, basi iloweshwe kwanza, ilazwe juu ya ubao, na kingo zake zibandikwe kwa vipande vya karatasi vyenye gundi, ikikauka itanyooka. Tena afundishwe saa. Brashi ikigusa karatasi iliyo mbichi, rangi hutambaa na ukingo wake huwa laini, kama wingu. Ikigusa karatasi kavu, ukingo hukatika, kama paa. Kati ya mbichi na kavu iko nafasi fupi, na wakati wa kiangazi saa sita mchana huwa fupi sana. Kwa hiyo asubuhi ndiyo saa njema ya somo hili, si baada ya chakula, ambapo wengi wetu tumeliweka ili kuwapisha masomo ya mtihani.

Na picha ikiisha kutundikwa isiwekwe penye jua. Ziko rangi, kama nili, ambazo jua huzila. Mbingu za baadhi ya picha za Girtin mwenyewe zimepoteza buluu yake kwa sababu hiyo, na wekundu uliobaki huwadanganya watazamaji wadhani kwamba siku zote alipenda machweo.

Sasa twawaomba wale watakaokuwa waamuzi wa mashindano ya shule zetu mwaka huu. Wasianze kwa kuinama juu ya meza wakitafuta pasipopakwa. Wazitundike picha ukutani, warudi nyuma hatua nne, wafumbe macho nusu, hata vitu vidogo vipotee na yabaki maumbo ya nuru na giza. Watafute mahali penye nuru kuliko pote, wajiulize kama jicho limepelekwa huko au limepafika kwa bahati. Kisha wakaribie, watazame kingo, zipi ni laini na zipi ni kali, na kama mtoto alijua kwa nini. Picha zilizonakiliwa kutoka kalenda zitengwe, zipewe meza yake. Na kabla mwamuzi hajaandika kwa wino mwekundu kwamba kazi haijaisha, amwite mtoto, aweke kidole mahali peupe, amwulize hapa pana nini. Mtoto akijibu, "Ukungu," kalamu irudi mfukoni.